Adalbert na Kaburi Lisilo Lake

Siku zile pale Hewa Bora, mtaa wa wafanyakazi wa shaba kule Katanga, ukitaka kujua kama kilio kitajaa watu, hukuuliza marehemu alikuwa nani. Uliuliza kama Adalbert Mutale atakuja.

Adalbert alikuwa mtani wa msibani. Kwa watu wa kwao, Wabemba, kila ukoo una ukoo mwenzake wa kutaniana nao mpaka kaburini. Yeye alikuwa wa ukoo wa Chui, na Chui hutaniana na Mbuzi, kwa sababu mnayoijua. Akifa mtu wa Mbuzi, wa Chui ndiye huja kusaidia kuzika, kumtukana maiti, kuzuia jeneza njiani mpaka apewe kuku au chupa. Na hakuna mfiwa anayeruhusiwa kukasirika. Ndiyo sheria ya utani.

Basi Adalbert alizaliwa kwa kazi hiyo. Mwanamume mfupi, mwenye mashavu ya mpiga tarumbeta, akiingia tu kwenye ua wa kilio watu walianza kujifuta machozi ya aina nyingine. Alipozikwa mzee mmoja bahili, aligonga jeneza na kuuliza, "Ba tata, baba yetu, sukari ulificha wapi? Batoto banakunywa chai ya chumvi!" Alipokufa mama mmoja mwimbaji, alivaa wigi la marehemu na kuongoza nyimbo kwa sauti yake. Usidhani ilikuwa upuuzi mtupu. Wapo wajane waliokataa chakula tangu maiti itolewe ndani, wakamsikia Adalbert, wakacheka bila kutaka, na baada ya kucheka wakanyoosha mkono kwenye bukari, ugali wa kwao.

Mchana, alikuwa fundi wa tanuru kwenye kiwanda cha shaba. Nasema alikuwa, kwa sababu miaka ile kila kitu kilikuwa kinageuka kuwa "kilikuwa". Bomba kubwa la kiwanda lilitoa moshi siku moja, likapumzika wiki. Wanajeshi walivunja maduka ya mjini, raia wakafuata nyuma yao kuokota kilichobaki, na hata milango iliondoka na wenye nguvu. Kisha likaja jambo baya zaidi. Majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai, watu waliozaliwa Katanga na kuzikia wazazi wao Katanga, wakaambiwa warudi kwao. Walilala kituoni wakingoja treni, na huko magonjwa yakawakuta kabla ya treni. Katika hao walikuwamo wanaume waliokaa na Adalbert mbele ya tanuru moja na kula naye sahani moja.

Vilio vikawa vingi. Adalbert akaacha kuuliza huyu ni wa Mbuzi au si wa Mbuzi. Alikwenda popote alipoitwa. "Bantu banakufa, na wenye kubaki banakauka," alisema. "Nani atabachekesha?" Na kwa sababu kila kilio kilikuwa na lutuku, ile pombe kali inayochemshwa uani, alirudi nyumbani akiyumba kama mlango uliobaki na bawaba moja.

Mke wake Joséphine hakuwa na kicheko naye. Alikuwa mama wa kanisa dogo la pasta Ézéchiel, kanisa la mabenchi ya mbao na bati linaloimba mvua ikinyesha.

"Baba Mutale," alimwambia, "weye unacheka na kifo. Siku moja kitacheka na weye."

"Kifo kinanijua," Adalbert alijibu. "Tuko bote bantu ba kazi moja."

Kuhusu Mungu, hakuwa na ugomvi naye. Mapadri wa misheni walimbatiza akiwa bado mgongoni kwa mama yake, na jina la Adalbert lilitoka huko. Kanisa alilijua kama mtu anavyojua nyumba ya wakwe: unaingia siku kubwa, unavaa vizuri, unakula, unashukuru, unaondoka.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipofariki mwalimu Léonard, mzee wa ukoo wa Mbuzi aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma. Ulikuwa msimu wa mvua. Udongo mwekundu wa makaburini ulikuwa umelewa maji, na mbao za kushikilia kingo za kaburi hazikuwapo, kwani mbao zote za mji zilikuwa zimegeuka kuni. Jeneza lilipokaribia, Adalbert aliruka ndani ya shimo, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Nafasi imekwisha!" alipaza sauti. "Mwalimu atafute ingine! Mimi sitoki bila kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Binti wa marehemu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Na huyo kuku anunuliwe na mwanafunzi wake wa mwisho!" Adalbert aliendelea. Ndipo ukingo wa kushoto ukashuka.

Haukushuka kwa kishindo. Ulishuka kama mtu mnene anayekaa. Juu, kicheko kiliongezeka, maana watu walidhani amepanga. Chini, Adalbert hakuweza kuinua hata kidole. Udongo ulimjaa mdomoni. Aliyasikia makofi ya watu kwa mbali, kama yako mtaa wa pili. Alitafuta neno la utani la kukiambia kifo, kwa kuwa walikuwa watu wa kazi moja, akakuta hana. Kifo hakikumjua kabisa. Kisha akatafuta sala. Akapekua kichwa chote, na sala pekee iliyokuja ilikuwa ile ya mezani, ya kubariki chakula. Akaisema moyoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipofika "amina", akaogopa kwa namna ambayo hajawahi kuogopa, kwa sababu baada ya amina hapakuwa na kitu.

Aliyemwokoa ni jirani yake Asumani, fundi cherehani, Mwislamu wa watu wa Maniema, aliyekuja kumzika mwalimu wa watoto wake. Asumani aliona kiatu kimoja kikitokeza kwenye udongo, na kiatu hakikuwa kinachezacheza. Akaruka ndani na kanzu yake nyeupe, akachimba kwa mikono kama mbwa. Walipomtoa Adalbert, watu walipiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Rudilia tena!"

"Nyamazeni!" Asumani aliwakemea. "Hamuoni? Huyu muntu alikuwa anakufa!"

Wakacheka tena, wakidhani na Asumani yumo katika mchezo.

Tangu hapo Adalbert hakuwa yule. Alikataa kulala chali. Sufuria ikianguka jikoni, alikuwa mlangoni tayari. Alipoitwa kwenye kilio kilichofuata, alikwenda, akasimama mbele ya jeneza, na hakuna neno lililotoka. Watu wakajishika mbavu. "Mumuone! Anaigiza maiti!" Akawaambia rafiki zake wa kiwandani, "Bakwetu, mimi niliogopa kule chini. Na bado naogopa." Mmoja alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Mtu akizoeleka kwa utani, hata akilia, watu hutafuta mahali pa kupiga makofi.

Joséphine peke yake ndiye aliyemwamini. Alikuwa amelala ubavuni kwake miaka mingi. Alijua kukoroma kwake, na alijua kwamba sasa hakoromi kwa kuwa halali. Hakumhubiria. Alimwekea chai, akakaa karibu naye, akasema, "Panda baiskeli, uende Kipushi, umuone yaya Gérard. Dakitari anasema hatamaliza msimu huu."

"Nitamuambia nini? Sina tena maneno."

"Njo vizuri," Joséphine alijibu; kwao "ndiyo" ni "njo". "Na yeye hana tena pumzi. Mutalingana."

Gérard alikuwa kaka mkubwa wa Joséphine, na kaka mkubwa kwao huitwa yaya. Maisha yake yote alifanya kazi chini ya ardhi, kwenye mgodi wa Kipushi, na vumbi la mgodi lilikuwa limemjaa kifuani. Adalbert alimkuta barazani juu ya mkeka, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa, akiota jua la asubuhi. Gérard akafungua jicho moja.

"Mulamu," alisema, akimwita shemeji kwa namna ya kwao, "nasikia ulitangulia kufa mbele yangu. Hauna heshima. Mimi njo mukubwa."

Ulikuwa utani mzuri, na siku nyingine Adalbert angeurudisha na riba. Badala yake akakaa chini na kulia. Gérard hakumkataza. Alingoja kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Sasa niambie," akasema mwishowe. "Ulikuta nini kule chini?"

"Hakuna kintu. Njo kile kilinitisha. Nilitafuta maombi, nikapata ya chakula."

Gérard alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na ilibidi Adalbert amshike mgongo. "Ya chakula!" alisema akihema. "Basi udongo ulitaka kula kintu chenye kubarikiwa!"

Adalbert naye alitaka kucheka, lakini akauliza, "Mulamu, weye hauogopi?"

"Kukohoa, naogopa. Inauma." Gérard akakusanya pumzi. "Sikiliza. Kila asubuhi nilikuwa naingia mu kage, ile sanduku ya chuma ya kutushusha mu shimo. Unafikiri sikuogopa shimo? Niliogopa. Lakini nilimujua muntu wa juu, ule anashika mashine ya kamba. Nilimujua jina lake, nilijua mukono wake. Njo maana nilishuka. Sasa nashuka tena, na ule anashika kamba namujua. Si kusikia habari yake tu. Namujua. Weye, unamujua?"

"Padri alinibatiza nikiwa mutoto. Jina langu liko mu kitabu cha misheni."

"Sikuuliza kitabu. Niliuliza weye."

Adalbert akatazama vumbi kwenye viatu vyake. Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwapo wa kumshtaki. Akasema, "Hapana. Simujui."

"Basi inafaa uzaliwe tena."

Hapo ule ulimi wa zamani ukaamka wenyewe. "Mulamu, mama yangu alilalamika mpaka kufa juu ya ile mara ya kwanza. Kichwa changu kilimutesa. Leo na tumbo hili, mama gani atanikubali?"

"Unaona?" Gérard alisema, macho yakimng'aa. "Muzee moja mukubwa wa Bayahudi alimuuliza Yesu neno kama hilo, na hakuwa mutani. Yesu akamuambia ile kuzaliwa si ya mama, ni ya Roho. Ni kama upepo. Haumuoni, lakini manyasi yanainama." Akamgeukia sawasawa. "Nikuulize. Mutoto anafanya kazi gani ili azaliwe?"

"Hafanyi kazi. Anatolewa."

"Na weye, Asumani alipokutoa mu ile kaburi, ulimusaidia na nini?"

Adalbert alifikiri. "Sikumusaidia. Nilikuwa nimefungwa mpaka shingoni. Sikuweza hata kuita."

"Njo vile," Gérard alisema, akafumba macho, amechoka. "Ni vile tu, mulamu. Yesu aliruka mu kaburi isiyo yake. Weye uliruka kwa kuomba kuku. Yeye aliruka kwa kututoa."

Kuku wa jirani walipita wakichakura. Baadaye Adalbert alipiga magoti pale pale kwenye mkeka, mchana kweupe, mama mmoja akitwanga mahindi ng'ambo ya ua. Hakuwa na sala iliyopangwa. "Bwana," alisema, "ni mimi Adalbert. Sichezi. Nimecheka na mambo yako yote na sikujui. Nitoe, kwa kuwa mwenyewe siwezi." Hakuona mwanga wala hakusikia sauti. Lakini alipopanda baiskeli kurudi, alisikia jasho, alisikia harufu ya mvua, na karibu na mji aligundua kwamba anaimba.

Kumwambia pasta Ézéchiel ndiyo ilikuwa kazi. Pasta alikuwa mtu mrefu, wa tai na viatu vilivyopakwa dawa, na hakuwa amesahau ule msiba ambapo Adalbert aliigiza mahubiri yake kwa kikohozi na kila kitu.

"Wokovu si jukwaa, papa Mutale," alisema. "Nitangoja nione."

Adalbert akangoja naye. Aliacha lutuku, si bila kutetemeka. Na kulikuwa na jambo moja lililomchoma kuliko lutuku. Hapo nyuma, kwenye kilio cha mume wa mama Mujinga (kwao jina hilo si tusi), akiwa amelewa, alitangaza juu ya jeneza habari ya mwanamke wa pili ambaye mtaa mzima ulimjua na ambaye mama Mujinga alijitahidi kutomjua. Utani unaruhusu. Mama Mujinga hakukasirika, kwa kuwa desturi ilimkataza kukasirika, na hasira hiyo isiyo na ruhusa aliibeba peke yake. Adalbert alimkuta akipepeta unga mbele ya nyumba, akavua kofia.

"Mama, nilikuaibisha siku ya kilio chako. Nakuomba musamaha."

Mama Mujinga aliendelea kupepeta kwa muda. "Utani inakuruhusu," alisema.

"Inaniruhusu. Lakini nilijua itakuumiza, na nilisema."

Ungo ukasimama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia noti kwenye jua kuona kama ni ya kweli. "Enda," alisema. "Nimesikia." Na akarudi kwenye unga wake.

Jumapili iliyofuata Adalbert alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alifungua mdomo, akasema, "Ndugu zangu, mimi nilikuwa mfu…" Kanisa zima likalipuka. Benchi la wamama lilitikisika. Hata mpiga ngoma alilalia ngoma yake. Adalbert alisimama na mikono ikining'inia, akasema tena, na wakacheka zaidi. Pasta alikuwa ameanza kuinuka kumketisha, ndipo mama Mujinga akasimama nyuma.

"Munacheka nini?" aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa. "Huyu muntu alikuja kwangu na kofia mukononi. Mutani gani anaombaka musamaha? Mimi namuamini. Mumuache aseme."

Kanisa likanyamaza. Adalbert akasema yake, machache tu, ya udongo na sala ya chakula na Gérard na kage. Safari hii waliocheka walicheka mahali panapostahili, na waliolia walilia.

Walimbatiza upya, kama desturi ya kanisa lile, kwenye mto Kafubu, na hapo ndipo alipotaka kukimbia. Hakuwa amefikiri kwamba ni kulazwa chali tena, kufunikwa tena. Maji yalipomfika kifuani, alianza kuhema.

"Pasta, siwezi. Ni kama kule."

"Ni kama kule," pasta Ézéchiel alisema, na kwa mara ya kwanza aliongea naye kama ndugu. "Lakini leo nakushika. Sitakuachilia."

"Hakika?"

"Hakika."

Adalbert akafumba macho. Pasta akamlaza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Adalbert, maji yalipomfunika masikio, alishika kitu cha kwanza alichokigusa, nacho kilikuwa tai ya pasta. Wakazama wote wawili. Waliibuka wakitema maji, tai ikiwa imezunguka mgongoni na kiatu kimoja cha mtumishi wa Mungu kikielekea na mto. Kwaya ilisahau wimbo. Na Adalbert, akiwa amesimama katika maji ya rangi ya chai, alianza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu makaburini. Alicheka mpaka pasta naye akashindwa kujizuia, na Joséphine ukingoni akalia ndani ya kitenge alichomletea mumewe cha kujifutia.

Gérard aliishi hata akapewa habari hiyo, akataka asimuliwe tena sehemu ya kiatu. Alifariki kabla mvua hazijaisha, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake, bila kelele. Adalbert alisaidia kubeba jeneza na alilia waziwazi, na safari hii hakuna aliyedhani anaigiza.

Kiwanda hakikupona. Watu waliambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, na hawakuitwa. Adalbert na Joséphine walipata kipande cha shamba kule Annexe, pembezoni mwa mji, wakalima mahindi na viazi vitamu. Vilio aliendelea kwenda, ila alianza kwenda mapema zaidi, mtu akiwa bado hai. Alikaa na wagonjwa, akawachekesha wanaotaka kucheka, na waliotaka kuuliza lile swali la kuogopa kifo aliwajibu bila kuzunguka. Asumani alimshonea suruali ya kulimia na kumwambia kwamba dini zao ni mbili lakini udongo utakaowameza ni mmoja. Walibishana sana juu ya Mungu, na hakuna aliyemshinda mwenzake, na hakuna aliyeacha kutembelea.

Kisha vita vikafika Katanga. Waasi walipoingia mjini na wanajeshi wa serikali wakikimbia huku wakipiga risasi hewani, nusu ya Hewa Bora ilikimbilia mashambani. Wengi walijikuta kwa Adalbert. Mahindi yalikuwa mabichi, tayari kuchomwa. Milio ilisikika upande wa uwanja wa ndege, na watu walijikunyata nyuma ya kichuguu kikubwa. Adalbert alikaa kwenye moto akigeuza mahindi.

"Papa Mutale," mama mmoja kijana aitwaye Dorcelle alimuuliza, mtoto wake akiwa amebanwa kifuani, "weye hauogopi?"

"Naogopa, mwanangu." Akageuza hindi lingine. "Mwili huu haujaambiwa kintu, ni ule ule wa zamani. Lakini nikifa leo, najua naenda kwa nani, njo maana usiku silali macho tena."

Risasi nyingine ikapita mahali fulani juu ya miti. Watu wakainama, na Adalbert akainama pamoja nao. Kisha akanyoosha mkono, akatoa hindi motoni, akalipuliza majivu.

"Shika," alimwambia. "Mpe mutoto, lakini angalia, liko na moto."